Herufi za Mkono Zinapogoma: Dalili, Vyanzo na Tiba kutoka Meza ya Printi Tanga

Nina meza ya usanifu na printa mbili hapa Ngamiani, Tanga. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile inayotaka fonti za kuchorwa kwa mkono: herufi nene zilizoumuka kama maandazi, au zilizopinda kama za mtoto mwenye chaki, au zilizopigwa kwa brashi hadi nyuzi za rangi zikabaki pembeni. Kibanda cha juisi ya muwa, shule ya chekechea, kadi ya akika, tisheti za bonanza, stika ya chupa ya achari, wote hao huja wakitaka herufi zenye uchangamfu.

Hizi pia ndizo fonti zinazogoma kuliko nyingine. Zimechorwa kwa maneno machache na makubwa, kwa hiyo kila dosari inakuzwa pamoja na herufi. Tena nyingi kati yake wachoraji wake walizijaribu kwa maneno ya lugha nyingine, na Kiswahili kina tabia zake. Kinajaa irabu, hasa a. Maneno mengi huanza na wa, ya, ka, ki. Kuna ng' yenye ritifaa. Kuna maneno marefu kama tunawakaribisheni. Na bei zetu huishia na /=. Fonti inayopendeza kwenye picha ya tangazo lake inaweza kuharibika mara tu unapoandika "Karibuni ng'ambo".

Kabla ya tiba yoyote, chapa neno lenyewe la mteja kwa ukubwa utakaotumika, hata kama itabidi uunganishe karatasi za A4 kwa selotepu. Libandike ukutani, utoke nje, ulitazame. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini nimeyagundua nikiwa mlangoni na kikombe cha kahawa, si mbele ya kompyuta.

"Imekaa vizuri, lakini kama ya mashine"

Mama mmoja wa Makorora alitaka mabegi ya kitambaa yaandikwe ule msemo wetu wa Tanga, "Waja leo waondoka leo". Nikachagua fonti ya brashi, nikachapa sampuli, nikamwita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ehee, ndiyo hii?" Akaishika karatasi, akaisogeza mbali na macho, akairudisha. "Nzuri. Lakini mbona hizi leo mbili zimetoka tumbo moja?"

Nilikuwa sijaona. Baada ya hapo sikuweza kuacha kuona. Msemo huo una herufi 18. Hesabu: a ziko 4, o ziko 4, na w, l, e ziko mbili mbili. Ni j, n, d na k tu zinazotokea mara moja. Yaani herufi 14 kati ya 18 zina pacha wake ndani ya mstari mmoja, na neno zima "leo" linarudi lilivyo. Fonti ile ilikuwa na tone dogo la rangi chini ya mkia wa a, tone zuri kweli, linalokufanya uamini kuna mtu aliyeshika brashi. Lakini tone lilelile, mahali palepale, mara nne? Hakuna mkono unaodondosha rangi namna hiyo. Jicho la mteja halijui jina la kosa, lakini linalihisi.

Vyanzo vyake ni vitatu, na kila kimoja kina tiba yake. Andika kwanza aaaa, kisha AaAaAa, uangalie.

Kama a nne zinatofautiana zenyewe, fonti ina herufi mbadala na programu yako inazitumia. Huna ugonjwa.

Kama zinafanana, huenda mbadala zipo ila zimezimwa. Mfumo wa OpenType, ambao Microsoft na Adobe waliutangaza mwaka 1996, unaruhusu fonti kubeba michoro kadhaa ya herufi moja na kanuni ya kuibadilisha kulingana na jirani yake. Kwenye Word uwezo huo upo tangu toleo la 2010, lakini inabidi uingie kwenye dirisha la fonti, sehemu ya mipangilio ya ziada, ukaweke tiki mwenyewe. Kwenye Illustrator, programu ya usanifu ya Adobe, fungua paneli ya OpenType, au ile inayoonyesha herufi zote za fonti, uchague mbadala kwa mkono. Kuna imani mtaani kwamba faili la .otf ndilo lenye mbadala na la .ttf halina. Si kweli. Yote mawili yanaweza kuwa nazo au kuzikosa, na kulifungua ndiyo njia ya kujua.

Kama AaAaAa inakupa herufi kubwa tupu lakini zenye michoro miwili tofauti, hapo umebahatika. Wachoraji wengi wa fonti za herufi kubwa huweka mchoro wa pili kwenye nafasi za herufi ndogo, na mtumiaji hajui kwa sababu huwa amewasha herufi kubwa muda wote. Andika "wAja LeO WAoNdOka lEo" na msemo utachangamka wenyewe.

Inabaki hali ngumu: fonti ina mchoro mmoja tu kwa kila herufi. Hapo geuza maandishi yawe mchoro, uzishughulikie pacha moja moja. Anza na zile zinazokaribiana, kwa sababu ndizo jicho linazilinganisha. Kwenye kazi ya yule mama niliiacha a ya kwanza na tone lake. Ya pili nikaifuta tone. Ya tatu nikaizungusha digrii mbili na kuishusha kidogo. Ya nne nikaupunguza mkia kwa sababu inafuatwa na nafasi. Kwenye "leo" ya mwisho nikafungua mdomo wa e na kuifanya o izame chini ya mstari, kama mtu aliyechoka kuandika. Usigeuze herufi kulia-kushoto ukadhani umepata mpya, kwani unene wa brashi utahamia upande usio wake na a itaonekana imeteguka.

Wachoraji wa mabango ya ukutani, na wale waliokuwa wakiandika majina kwenye matako ya majahazi, hawakuwa na tatizo hili hata siku moja. Mjomba wangu alichora mabango ya maduka kwa brashi ya nywele na kopo la rangi ya mafuta, na katika neno "KARANGA" a zake tatu zilikuwa ndugu, si pacha. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo: herufi zifanane kama ndugu.

"Hilo neno limeng'oka meno"

Ni pengo kati ya herufi. Tazama "Wa", "Ya", "Va", "Ta". Herufi kubwa inaegemea kulia na kuacha uwazi chini yake, na a ndogo inakaa mbali kama mgeni asiyekaribishwa. Fonti iliyotengenezwa kwa uangalifu ina jedwali la jozi linaloiambia kompyuta isogeze jozi hizo. Fonti nyingi za bure za mkono hazina jedwali hilo, au zina jozi chache tu ambazo mchoraji alizifikiria. Kiswahili kinazihitaji jozi za "Wa" na "Ya" karibu kila mstari: Wali, Wageni, Watoto, Ya Moto.

Angalia kwanza kama programu inalisoma jedwali. Word huwa na kisanduku cha kuruhusu usogezaji wa jozi, nacho mara nyingi kiko wazi bila tiki. Kwenye Illustrator jaribu kuacha nafasi za fonti yenyewe na kutumia zile zinazokadiriwa kwa umbo la herufi. Kwa fonti za mkono makadirio hayo husaidia mara nyingi. Yakishindwa, weka kishale kati ya W na a, shikilia Alt, bonyeza mshale wa kushoto hadi macho yako yaridhike. Mimi hugeuza karatasi juu chini ninapopima. Neno likiacha kusomeka, mapengo ndiyo yanayobaki kuonekana.

Kwa fonti za mwandiko wa kuunganisha, ambazo kila herufi inashikana mkono na inayofuata, usitanue nafasi kabisa. Ukitanua, viungo vinakatika na unabaki na vijimkia vinavyoelea. Na usiziandike kwa herufi kubwa tupu. KARIBU iliyoandikwa kwa herufi kubwa za mwandiko wa kuunganisha ni vichwa sita vyenye mapambo vinavyogombana mlangoni.

"Kuna kisanduku katikati ya neno"

Hili ni letu hasa, na linaniuma, kwa sababu linaigusa lugha yenyewe.

Kijana mmoja alifungua sehemu ya kuosha magari, barabara ya kwenda Pangani. Bango lake lilichapwa mahali pengine kabla hajanifikia: TUNANGARISHA MAGARI. Ritifaa haikuwepo. Watu waliokuwa wakipita walilisoma kwa sauti, "tuna-nga-risha", wakicheka. Alidhani aliyeandika hajui Kiswahili. Faili nililipata kwake kwenye fleshi, nikalifungua, na ritifaa ilikuwepo. Iliandikwa, ila fonti ilikuwa imeiacha nafasi yake tupu, bila wino, bila hata kisanduku cha kukuonya.

Kwa hiyo dalili hii ina sura tatu. Ya kwanza ni kisanduku kitupu, ambacho ni ishara ya fonti kusema sina hiyo alama. Ya pili ni ritifaa kutoka kwenye fonti nyingine: kompyuta imeazima, na kando ya herufi zilizoumuka kunasimama kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, ni ukimya. Kati ya "ng'oa" na "ngoa" kuna umbali wa maana: la kwanza ni kung'oa jino, la pili ni wivu. Daktari wa meno hawezi kulipuuza hilo.

Chanzo kinajificha kwenye Unicode, mfumo unaoipa kila alama namba yake, ambao una ritifaa mbili za kawaida. Ipo iliyonyooka, yenye namba U+0027, ndiyo iliyo kwenye kibodi. Na ipo iliyopinda kama 9 ndogo, yenye namba U+2019. Word hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili yenyewe unapoandika. Fonti ikiwa na iliyonyooka tu, neno lako litakaa salama kwenye programu moja na kugeuka kisanduku kwenye nyingine, na utaapa kwamba hukugusa kitu. Ukiwa Word, bonyeza Ctrl+Z mara moja pale tu alama inapogeuka; herufi itabaki na ritifaa itarudi kunyooka.

Kama zote mbili hazipo, chukua mkato wa fonti hiyohiyo, uinue juu usawa wa kichwa cha herufi. Mkato ulioinuliwa ni ritifaa kamili, tena wenye brashi ileile na unene uleule. Kama hata mkato haupo, chukua nukta ya i, uivute mkia. Ndivyo nilivyolirekebisha bango la yule kijana.

Ukishaipata, isogeze. Ng' ni sauti moja, haifai ionekane kama neno limekatwa na kisu. Fonti nyingi zinaiachia ritifaa nafasi pana pande zote, na "ng'ombe" anabaki vipande viwili. Punguza nafasi ya kushoto, punguza ya kulia, hadi o ijifiche kidogo chini ya ritifaa. Na ukiiandika peke yake kwenye kisanduku chake cha maandishi, programu huweza kudhani ni alama ya kufungua nukuu na kukupa inayopinda kama 6. Kwa ng' ni ile ya 9, siku zote.

Alama ya = nayo husahaulika. Nimeona menyu ya chipsi imepambwa vizuri, bei zote zikaishia na mkwaju (/) na kisanduku. Ndiyo maana nina mstari wa majaribio ninaoubandika kwenye kila fonti mpya kabla sijamwonyesha mteja:

Ng'oa, mng'aro, Wa Ya Va Ta Ka, baba kaalika, wee, choo, juu, dhahabu, thamani, ghala, shule, fisi, 0123456789, 12,500/=, +255, & ? !

"Fisi" nimeiweka kwa sababu baadhi ya fonti huunganisha f na i ziwe umbo moja na kuiondoa nukta. Kwenye neno refu haisumbui, ila kwenye jina la mtu mwenyewe atauliza nukta yake iko wapi. Tarakimu nazo zitazame kwa makini: katika fonti za mchezo 1 na 7 hufanana, na 0 ni o. Namba ya simu ya mteja siiandiki kwa fonti ya mkono kamwe. Naiweka kwenye fonti tulivu, kwa sababu namba moja ikisomwa vibaya mteja amepoteza kazi.

"Ukiwa ng'ambo ya barabara husomi kitu"

Mafundi wa mabango wana kanuni ya zamani: herufi ya inchi 1 husomeka vizuri kwa futi 10. Kwa vipimo vyetu, sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3. Mtu akiwa mita 12 kutoka dukani anahitaji herufi ya sentimita 10 asome bila kukodoa. Aliye kwenye bodaboda ana sekunde chache tu, mwongezee.

Kosa linalofanyika ni kuchanganya ukubwa wa fonti na urefu wa herufi. Pointi 72 ni inchi 1, ndiyo, lakini inchi hiyo ni ya kisanduku kizima kinachobeba herufi, pamoja na nafasi ya mikia ya g na y. Herufi kubwa yenyewe mara nyingi huchukua kama theluthi mbili. Ukitaka herufi ya sentimita 10, kisanduku ni kama sentimita 15, yaani karibu pointi 425. Kwa fonti za mkono uwiano huu unayumba sana, basi usikokotoe tu. Shika rula, pima herufi kwenye karatasi.

Unene nao una neno lake. Amatic SC, fonti ndefu nyembamba ya herufi kubwa, ni tamu kwenye kadi iliyoshikwa mkononi, lakini ukiipandisha kwenye bango la barabarani inayeyuka kwenye jua. Luckiest Guy, nene kama mbao, inasomeka kutoka mbali lakini inaifanya kadi ya mwaliko ipige kelele. Fonti zilizojaa mikwaruzo ya brashi hufungwa na mwanga mkali wa saa saba mchana. Mikwaruzo inaonekana kama uchafu. Fumba macho nusu ukiangalia sampuli. Matundu ya a, e na o yakitoweka, ama ongeza ukubwa ama badilisha fonti.

Na usiweke herufi nyekundu juu ya picha ya machungwa ya Muheza kisha ukaulaumu mchoro wa herufi. Hapo rangi ndizo zilizogombana.

"Neno halienei"

"Tunawakaribisheni" lina herufi 17. Mbuni aliyebanwa na upana hulishika neno kwa pembeni na kulisukuma lijikunje. Herufi zilizosukumwa namna hiyo hujulikana kwa mbali: mistari iliyosimama imekonda, iliyolala imebaki minene, na ule mzunguko wa o umekuwa yai. Fonti ya mkono haistahimili hilo, kwa sababu uzuri wake wote uko kwenye mwendo wa mkono.

Badilisha maneno kwanza. "Karibuni" lina herufi 8 na linasema yaleyale. Mteja akishikilia la kwake, likate mahali pa silabi ulipande juu ya jingine: TUNAWA juu, KARIBISHENI chini. Silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, kukata ni rahisi. Usiitenge tu ng', sh, ch, dh wala th.

"Nimepeleka kuchapa, yametoka maandishi mengine"

Bango la shule moja ya chekechea lilirudi kutoka kwenye mashine kubwa ya mji mwingine likiwa na herufi kavu kama za barua ya mkopo. Rangi zilikuwa sahihi, tembo alikuwepo, lakini ule uchangamfu wa herufi ulikuwa umeondoka kabisa. Mashine ile haikuwa na fonti yangu, ikaweka iliyokuwa nayo. Kosa lilikuwa la kwangu.

Kabla faili halijatoka mezani, geuza maandishi yawe mchoro: Ctrl+Shift+O kwenye Illustrator, Ctrl+Q kwenye CorelDRAW. Hifadhi nakala mbili, moja ya mchoro ya kupeleka, moja yenye maandishi hai ya kubaki nayo. Ukishageuza huwezi tena kusahihisha tahajia kwa kibodi, kwa hiyo mpe mteja asome na akubali kwanza. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili la PDF. Ukituma kama picha, WhatsApp huibana, na kingo za herufi hutoka na ukungu.

"Plota inakatakata, stika zinachanika"

Kwenye kukata stika kwa plota, ile mashine yenye kisu, fonti za mkono zina maradhi mawili.

La kwanza ni mpishano. Katika mwandiko wa kuunganisha, mkia wa herufi moja unaingia ndani ya inayofuata. Kwenye karatasi huoni, kwa sababu wino mmoja umefunika mwingine. Plota haioni wino, inafuata mistari, na inakata mahali herufi zinapopishana. Ukiinua stika, "Amani" inatoka vipande vitano. Baada ya kugeuza maandishi kuwa mchoro, ziunganishe herufi zote ziwe umbo moja, kisha uangalie kwa mtazamo wa mistari mitupu kuhakikisha hakuna mstari unaokatiza ndani.

La pili ni wingi wa nodi, yaani vile vidoti vinavyoshikilia mistari ya mchoro. Fonti nyingi za brashi zimetengenezwa kwa kuskani mwandiko na kuiachia programu iufuatishe yenyewe. A moja inaweza kubeba mamia ya nodi, wakati mkono mzoefu ungeichora kwa ishirini na kitu. Kisu kinatetemeka kwenye kila nodi, kingo zinakuwa kama msumeno, na vile vidoa vya brashi vinang'oka wakati wa kuchambua stika. Punguza nodi kwa amri ya kurahisisha mchoro, lakini polepole. Ukizidisha, herufi inapoteza uhai wake. Baadhi ya fonti huja na toleo safi lisilo na mikwaruzo. Kwa stika chukua hilo.

Tisheti za kuchapwa kwa skrini zinafanana na hili. Mstari usipungue pointi 1, kama milimita 0.35, na kwa kitambaa cheusi ongeza, kwa sababu rangi ikitambaa kidogo tu matundu ya e yanajifunga.

"Imependeza, lakini haikai"

Mchoraji Vincent Connare alikuwa Microsoft mwaka 1994 alipoona programu ya majaribio yenye mbwa wa katuni anayezungumza kwa fonti ya Times New Roman. Aliona sauti ile si ya mbwa yule, akaanza kuchora fonti iliyokuja kuitwa Comic Sans. Wengi wanaidharau leo. Mimi naheshimu sana lile swali alilojiuliza, kwa sababu ndilo swali la kila siku mezani kwangu: hii ni sauti ya nani?

Nimeombwa kuandika tangazo la msiba kwa fonti ya kuumuka kwa sababu marehemu alikuwa mchangamfu. Nilimwomba kaka aliyekuja tuketi kidogo. Nikamwandikia jina la marehemu kwa fonti ya mkono tulivu, ya kalamu, na maelezo yote, saa ya mazishi na mahali, kwa fonti ya kawaida. Aliliangalia jina kimya kwa muda mrefu, akasema, "Hivyo hivyo."

Maelekezo ya dawa, masharti ya mkataba na aya yoyote inayozidi mistari mitatu yaondoe kwenye fonti ya mchezo. Fonti ya mkono ipewe jina, neno moja, au bei kubwa. Iliyobaki ibebwe na fonti isiyo na makuu, kama Noto Sans. Na usiweke fonti mbili za mkono kwenye kazi moja. Zitashindana, na msomaji atasikia zogo.

"Mbona nembo yangu naikuta kwingine?"

Fupi: fonti iliyoandikwa ni kwa matumizi binafsi haifai kwa kazi ya biashara, hata kama imepakuliwa bure. Soma faili la maelezo linalokuja nayo. Mkusanyo wa Google Fonts, uliofunguliwa mwaka 2010, una fonti nyingi za mkono zenye leseni huria zinazoruhusu biashara. Lakini kwa kuwa ni za wote, jirani naye anazitumia. Kwa nembo, usiishie kwenye fonti kama ilivyo.

Tiba zote zikishindikana

Chora mwenyewe. Karatasi ya manila, brashi namba 6, rangi nyeusi isiyo na maji mengi. Andika neno la mteja mara kumi bila kusimama. La kwanza na la pili huwa magumu, mkono hulegea kuanzia la tano. Kata zile herufi zilizotoka vizuri, uzipange upya. A zichukue kutoka mistari tofauti, na ritifaa uichore peke yake kwa pigo moja la brashi. Skani kwa dpi 600, ufuatishe mchoro, upunguze nodi, uunganishe, kisha uchape kwa ukubwa halisi na uibandike ng'ambo ya barabara kabla ya kumpigia mteja simu.